Barua ya Wazi kwa Maafisa Masuuli Kuhusu Kompyuta Mpakato na Macho ya Watumishi

Kwa Maafisa Masuuli, yaani wasimamizi wakuu wa fedha, wa wizara, mikoa, halmashauri na taasisi za umma. Kwa uongozi wa Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA). Na kwa wote wanaojenga mifumo ya kielektroniki ya Serikali.

YAH: KUZUIA UCHOVU WA MACHO NA MAUMIVU YA KICHWA KWA WATUMISHI WANAOTUMIA KOMPYUTA MPAKATO

Ndugu viongozi,

Naandika nikiwa mhasibu katika utumishi wa umma wa Tanzania, na naandika kabla bajeti ijayo haijafungwa, kwa sababu sehemu kubwa ya ninachokiomba hupatikana katika kifungu cha ununuzi wa vifaa vya ofisi na si katika semina. Katika ofisi nyingi za Serikali kompyuta ya mezani imeondoka na nafasi yake imechukuliwa na kompyuta mpakato, huku ulipaji, manunuzi, tathmini ya utendaji, barua na majalada vikihamia kwenye mifumo. Sina ugomvi na mabadiliko hayo. Yeyote anayekumbuka kuisaka hati ya malipo iliyopotea masijala hatatamani kurudi huko. Hata hivyo yamekuja na mzigo ambao sijauona ukiandikwa katika mpango wowote, nao unabebwa na macho, shingo na vichwa vya watumishi.

Dalili zake hazina siri. Kufikia saa nane mchana utamkuta mtumishi mmoja akifikicha macho yanayochoma kana kwamba yameingiwa na mchanga, mwingine akiinua kichwa kumtazama mgeni aliyesimama mlangoni na kumwona kwa ukungu kabla sura haijajitokeza, na wa tatu akijikandamiza kwa kidole gumba juu ya nyusi au kisogoni, mahali ambapo maumivu yake ya kichwa huanzia. Katika mtoto wa meza, kando ya stepla na mihuri, pana vidonge vya kutuliza maumivu. Ushauri anaopewa huwa mmoja kati ya miwili: apumzike kidogo, au akanunue miwani. Ushauri wote huo una ukweli ndani yake, lakini unamwachia yeye peke yake jambo lililotokana na namna kazi yake na vifaa vyake vilivyopangwa, na kupanga kazi na vifaa ni mamlaka ya mwajiri.

Naomba nieleze kinachotokea ndani ya jicho, kwa kuwa bila kukielewa maombi yangu yataonekana kuwa ni anasa. Jicho linapotazama mbali, tuseme mita 6 na kuendelea, msuli mdogo unaoizunguka lenzi yake hulegea. Linapotazama karibu, msuli huo hukaza ili lenzi itune na maandishi yasomeke, na wakati huohuo misuli ya nje huyavuta macho yote mawili kuelekea puani ili yalenge mahali pamoja. Kazi hiyo si nzito hata kidogo, ila ni ndefu. Hakuna mtu anayeshindwa kuinua kikombe cha chai, lakini hakuna pia anayeweza kukishika kwa mkono ulionyooshwa tangu asubuhi hadi adhuhuri, na hicho ndicho tunachoyataka macho yafanye tunapoyakazia jedwali la matumizi lililo umbali wa nusu mita kwa saa nyingi mfululizo.

Jambo la pili ni kupepesa. Kila kope zinapofunga na kufunguka hutandaza machozi mapya juu ya konea, yaani kile kioo cha mbele cha jicho, na machozi hayo yakikauka konea huwasha na picha hupoteza ung'avu wake. Watafiti wawili wa Japani, Tsubota na Nakamori, walichapisha mwaka 1993 hesabu walizozipata kwa wafanyakazi wa ofisini: wakiwa wametulia walipepesa kwa wastani mara 22 kwa dakika, wakisoma kitabu mara 10, na wakisoma maandishi ya kwenye skrini mara 7. Tena mbele ya skrini kope mara nyingi hazifungi kikamilifu. Huteremka nusu na kurudi juu. Hapo ndipo linapotokea lile jambo linalowashangaza wengi, la macho makavu kububujikwa na machozi: jicho lililowashwa hutoa machozi mengi kwa ghafla, ambayo hutiririka shavuni bila kukaa mahali yanapohitajika.

Hayo yote yangetokea hata kwenye kompyuta ya mezani. Kompyuta mpakato inaongeza tatizo lake yenyewe, nalo ni kwamba skrini na kibodi vimefungwa pamoja kwa bawaba. Ukiiweka mahali ambapo mikono inafika vizuri, skrini inakuwa chini mno na karibu mno, na shingo inainama. Ukiiinua na kuisogeza ili macho yapate nafasi, mabega yananyanyuka na viwiko vinaning'inia hewani. Skrini inapaswa kuwa umbali wa urefu wa mkono, baina ya sentimita 50 na 70, na ukingo wake wa juu uwe sawa na usawa wa macho au chini yake kidogo, wakati kibodi inapaswa kuwa usawa wa viwiko. Kwa kifaa kimoja kisichogawanyika mambo hayo hayawezekani kwa pamoja, hata mtumishi awe na nidhamu ya namna gani. Kwa hiyo shingo hulipa, na kwa kuwa misuli ya kisogo imeshikamana na fuvu, maumivu hupanda hadi utosini na kuja mbele kwenye paji la uso, mtumishi akidhani kwamba ni macho pekee yanayomsumbua.

Jumuiya ya Ulaya ililiona jambo hili zamani. Agizo lake la mwaka 1990 kuhusu kazi za kwenye skrini linataka kibodi itengane na skrini ili mfanyakazi apate mkao usiomchosha, na linaziacha nje kompyuta za kubebeka pale tu zisipotumiwa kwa muda mrefu kwenye kituo cha kazi. Naomba sharti hilo la mwisho lisomwe kwa makini. Kompyuta mpakato inayokaa juu ya meza ileile, mbele ya mtumishi yuleyule, tangu Julai hadi Juni, si kifaa cha safari tena hata kama inaweza kukunjwa na kutiwa begani. Imekuwa kompyuta ya mezani iliyokosa umbo la kufaa meza. Ninachoomba kwa maafisa masuuli ni kwamba maelezo ya kiufundi ya kila zabuni ya kompyuta mpakato kwa ajili ya mtumishi anayeshinda mezani yajumuishe kibodi ya pembeni, kipanya na stendi ya kuinulia kompyuta. Bei ya vitu hivyo vitatu kwa pamoja ni sehemu ndogo sana ya bei ya kompyuta yenyewe. Kwa wanaoshughulika na majedwali mapana siku nzima, yaani sisi wahasibu, maafisa ugavi na watakwimu, skrini kubwa ya pembeni ingefaa zaidi, ila nafahamu kwamba fungu lina mipaka.

Baadhi yetu tumekwisha kugundua stendi ya bure, ambayo ni rimu mbili au tatu za karatasi zilizowekwa chini ya kompyuta. Inafaa, mradi kibodi ya pembeni ipo. Bila hiyo, rimu hizo huiokoa shingo na kuyaadhibu mabega. Na hata kanuni ya kuinua skrini haimfai kila mtu. Anayevaa miwani yenye sehemu ya kusomea upande wa chini hulazimika kuinua kidevu ili aione skrini iliyo juu, na huyo anahitaji skrini ishuke. Ndiyo sababu naomba vifaa vinavyorekebishika, badala ya mpangilio mmoja utakaochorwa na kubandikwa ukutani.

Kuhusu mwanga na hewa nitasema machache, kwa kuwa tiba yake haina gharama. Majengo mengi mapya yana kuta za vioo, na meza zimepangwa ama dirisha likiwa nyuma ya mtumishi, ambapo jua linaakisiwa kwenye skrini, ama likiwa mbele yake, ambapo macho yanapambana na mwanga wa nje huku yakisoma herufi hafifu. Meza ikigeuzwa ili dirisha liwe ubavuni, shida hiyo inakwisha mchana mmoja kwa nguvu za watu wawili. Kiyoyozi nacho kisielekezwe usoni, maana upepo wake hukausha machozi. Kwa wenzetu wa Dodoma, ambako miezi ya kiangazi huja na upepo na vumbi, jicho hufika kazini likiwa tayari limechoka.

Suala la miwani linahitaji kutazamwa kwa kina zaidi, kwa sababu hapa fedha nyingi za watumishi zinapotea bila faida. Kuanzia miaka ya arobaini, lenzi ya jicho la kila mwanadamu hupoteza unyumbufu wake na kusoma kwa karibu huanza kuwa shida. Utafiti uliofanyika Kongwa, mkoani Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2006, uliwakuta zaidi ya watu 6 kati ya kila 10 wenye umri wa miaka 40 na kuendelea wakiwa na hali hiyo. Umri huo ndio wa wakuu wa vitengo na waidhinishaji wa malipo, na wengi wao hawapendi kuonekana wakisogeza karatasi mbali. Hununua miwani ya kusomea kando ya barabara kwa kujaribu gazeti, nao hawajui kwamba nguvu ya lenzi inategemea umbali: mtu ambaye lenzi zake hazikazi tena huhitaji nguvu ya 2.50 ili asome kitabu kilicho sentimita 40 kutoka usoni, lakini kwa skrini iliyo sentimita 65 anahitaji kama 1.50 tu. Akivaa ya kitabuni mbele ya kompyuta, skrini inakuwa ukungu mpaka asogeze uso karibu, na hapo ameirudia ileile shingo iliyoinama. Miwani yake si mbovu; ilipimwa, kama ilipimwa, kwa kazi nyingine.

Vijana nao wana lao. Astigmatizimu ndogo, yaani kasoro ya mpindo wa konea au lenzi inayozifanya herufi zisionekane kwa ukali, ambayo mtu anaweza kuishi nayo miaka mingi akilima au akiendesha gari bila kuisikia, huanza kudai malipo yake anapowekwa mbele ya herufi ndogo kutwa nzima. Wengi wao hukimbilia lenzi zinazotangazwa kuwa zinazuia mwanga wa buluu. Mapitio ya Cochrane, mtandao wa watafiti unaochambua tafiti za tiba, yaliyotolewa mwaka 2023, yaliyokusanya majaribio 17, hayakuona kwamba lenzi hizo zinapunguza uchovu wa macho kwa watumiaji wa kompyuta katika muda mfupi zikilinganishwa na lenzi za kawaida, na jua la asubuhi tunalotembea nalo kwenda kazini lina mwanga huo wa buluu kwa wingi unaoizidi skrini kwa mbali sana. Ninaomba fedha ya umma isitumike kununulia miwani hiyo kwa jina la afya ya watumishi. Itumike kupima macho.

Kuna pia madhara ya kujitibu, nayo ni makubwa kuliko uchovu wenyewe. Atumiaye dawa za kawaida za kutuliza maumivu siku 15 au zaidi kila mwezi, kwa miezi mitatu na kuendelea, anaweza kupata maumivu ya kichwa yanayosababishwa na dawa hizohizo. Matone ya macho yenye steroidi, yaani dawa kali za kutuliza uvimbe, yanayonunuliwa duka la dawa kwa sababu yanaondoa wekundu haraka, yanaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho yakitumiwa kwa muda mrefu bila usimamizi wa daktari. Na si kila maumivu ya kichwa ni ya kompyuta: yanayokuja ghafla kwa ukali usio wa kawaida, yanayoambatana na uoni kupungua, au jicho jekundu lenye maumivu, hayo ni ya kupelekwa hospitali siku hiyohiyo.

Nageukia sasa mapumziko, ambayo kila mtu huyataja na wachache huyapata. Zama za majalada ya karatasi zilikuwa na mapumziko ndani yake ambayo hakuna aliyeyapanga: dokezo sabili, yaani karatasi ya mawasiliano ya ndani ya ofisi, lilipelekwa kwa miguu ofisi ya pili, hati ilifuatwa masijala, sahihi ilisubiriwa kwenye benchi la nje ya mlango wa mkuu. Tulilalamika kwamba muda unapotea, na ulikuwa unapotea kweli, lakini katika muda huo macho yalitazama mbali na shingo ilinyooka. Mfumo umeiondoa safari hiyo na kuijaza nafasi yake kwa kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi mapumziko ya angalau dakika 60 anapofanya kazi mfululizo kwa zaidi ya saa 5. Hayo ni ya chakula na ya mwili, nayo yaheshimiwe. Macho hayawezi kuyangoja. Yanahitaji mapumziko madogo ya mara kwa mara, na mamlaka ya usalama kazini ya Uingereza inashauri dakika 5 hadi 10 kila saa, badala ya kuyalimbikiza na kuyachukua kwa mkupuo. Mapumziko hayo si lazima yawe ya kukaa bure; kupiga simu umesimama, kuhesabu stoo, kumhudumia mwananchi kaunta, vyote vinatosha mradi skrini imeachwa. Ile kanuni maarufu ya kutazama umbali wa mita 6 kwa sekunde 20 kila baada ya dakika 20 ni nzuri kukumbukika, ingawa namba zake si za kushikiliwa kama aya. Kinachotakiwa ni msuli ulegee na kope zifunge.

Hapa nina neno kwa wajenzi wa mifumo. Mojawapo ya mifumo tunayoitumia humtoa mtumiaji asipogusa kibodi kwa dakika chache, na kila alichokuwa amekijaza hupotea. Najua kwamba kumtoa mtu aliyeondoka ni suala la usalama na silipingi. Lakini mtumishi aliyekwisha kupoteza ukurasa mzima wa vocha kwa kutazama dirishani hatatazama tena dirishani, hata umpe mabango mangapi ya afya kazini. Kuhifadhi rasimu kila baada ya muda mfupi kungelinda siri za Serikali na macho ya mtumishi kwa pamoja. Herufi nazo ziwe nyeusi na nene vya kutosha, badala ya kijivu chembamba juu ya weupe, na jedwali liruhusu kukuzwa bila safu za pembeni kutoweka.

Mwezi Juni unastahili kutajwa peke yake. Kila mwaka hesabu hufungwa Juni 30, na wiki za mwisho hukesha watu ofisini, mara nyingi kwa sababu mtandao unaolemewa mchana huwa mwepesi usiku. Mtumishi huyo ameshinda mbele ya skrini, kisha anakesha mbele yake, katika chumba chenye taa moja na skrini inayowaka kama taa ya gari. Kupokezana zamu katika wiki hizo, na kuwasha taa za kutosha, ni maamuzi yanayotolewa na mkuu wa kitengo kwa karatasi moja, wala hayahitaji kibali kutoka juu.

Kwa OSHA, ombi langu linatokana na sheria yenu wenyewe. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, inataka mfanyakazi achunguzwe afya kabla ya kupangiwa kazi na kwa vipindi akiwa kazini. Katika karakana na viwanda takwa hilo linaeleweka vizuri, kwa kuwa hatari zake zinaonekana kwa macho na kusikika kwa masikio. Ofisi huonekana mahali salama. Ninaomba uchunguzi wa watumishi wa kwenye skrini ujumuishe kipimo cha uoni kwa umbali halisi wa skrini zao, na kwa waliotimiza miaka 40, presha ya macho na hali ya mshipa wa fahamu wa jicho. Glakoma, ambayo watu wengi huiita presha ya macho, huiba uoni pole pole bila maumivu, na kilichokwisha kuibwa hakirudi. Mtumishi aliyekuja kupimwa kwa sababu ya kompyuta anaweza kuondoka ameokolewa na jambo ambalo halina uhusiano wowote na kompyuta. Uingereza, kwa kanuni zake za mwaka 1992, mwajiri hulipia kipimo cha macho mtumiaji wa skrini anapokiomba, na hulipia miwani pia ikibainika kwamba inahitajika mahsusi kwa kazi hiyo. Tungeweza kuanza na kipimo pekee, huku miwani ikijadiliwa na mifuko ya bima ya afya.

Atakayeuliza faida iko wapi, namwelekeza Bangladesh, ambako jaribio lililochapishwa mwaka 2024 liliwapa miwani ya kusomea watu wenye umri wa miaka 35 hadi 65 wanaofanya kazi zinazohitaji kuona karibu, na baada ya miezi 8 mapato yao yalikuwa yamepanda kwa takriban asilimia 33. Mshahara wa mtumishi wa umma haupandi kwa kuona vizuri, bila shaka. Kinachopungua ni tarakimu zilizoingizwa kimakosa na malipo yaliyorudishwa, na maafisa masuuli wanajua kuliko mimi gharama ya hoja moja ya ukaguzi. Walimu waliogawiwa vishikwambi vya Sensa ya mwaka 2022 nao wasisahauliwe, kwani skrini yao ni ndogo zaidi na hushikwa karibu zaidi.

Ninapendekeza waraka mmoja mfupi utakaotamka kwamba kompyuta mpakato ya mtumishi wa mezani haijakamilika bila kibodi ya pembeni na stendi, na kwamba ukaguzi wa OSHA maofisini utaviangalia vitu hivyo kama unavyoangalia vizima moto. Kugeuza meza, kuelekeza viyoyozi pembeni na kupanga zamu za Juni kunaweza kuanza kabla ya waraka huo. Waraka ukitoka kabla makisio ya mwaka ujao hayajawasilishwa, vitengo vya manunuzi vitakuwa na jambo la kuandika katika zabuni zao, na kompyuta zitakazonunuliwa hazitahitaji kutengewa fungu la pili.

Natanguliza shukrani.

Mhasibu, mtumishi wa umma